Masharti ya Shahada za Sayansi za Jamii: Lugha ya Mhojiwa Imeachwa Mlangoni

Katika idara za Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Makala haya yanahakiki matini ya aina nyingine, ambayo vijana wengi huisoma kwa makini zaidi kuliko riwaya yoyote tunayowapa: orodha ya masharti ya kujiunga na kusoma shahada ya kwanza ya sayansi za jamii. Matini hiyo haina wahusika wala msuko, na lugha yake ni kavu. Lakini mhakiki hujifunza mapema kusikiliza kile ambacho matini haikisemi, na matini hii imenyamazia jambo kubwa. Inaeleza kwa tarakimu na desimali mwanafunzi awe amefaulu nini kabla ya kuingia. Haiulizi atazungumza na watu kwa lugha gani atakapotoka kwenda kuwachunguza.

Mfano wangu mkuu ni Makerere. Nimekichagua chuo hiki kwa sababu ya umri wake na kwa sababu vyuo vingi vya Uganda vilivyozaliwa baadaye vimefuata nyayo zake. Kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kikawa chuo kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Tangu 2011 masomo ya jamii, lugha, saikolojia, jinsia na sanaa yamewekwa chini ya paa moja katika Ndaki ya Insia na Sayansi za Jamii. (Neno ndaki nimeliazima kwa wenzetu wa Dar es Salaam na Dodoma, mwenye neno bora zaidi na alilete.) Msomaji alikumbuke paa hilo moja, kwani nitalirudia.

Jinsi mlango unavyofunguliwa

Mwanafunzi anayetoka Kidato cha Sita huhitaji kwanza kufaulu masomo makuu mawili katika kikao kimoja cha mtihani. Hicho ni kiwango cha chini tu. Baada ya hapo huja hesabu ya uzito, ambayo kila mwalimu wa sekondari nchini Uganda anaijua kwa moyo. Alama A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O ni 1. Masomo mawili yanayohesabiwa kuwa ya msingi kwa programu husika huzidishwa kwa 3. Linalofuata huzidishwa kwa 2. Yaliyo ya ziada huzidishwa kwa 1 au kwa nusu. Wapo pia wanaoingia kwa stashahada, na watu wazima wa miaka 25 na zaidi ambao hufanya mtihani wao maalumu.

Tuchukue kijana aliyepata B katika Historia, C katika Kiswahili na D katika elimu ya dini. Ikiwa Historia na Kiswahili ndiyo masomo yake mawili ya msingi, atapata 15 na 12, yaani 27. Elimu ya dini itamwongezea 6, zikawa 33, kabla ya kuhesabu masomo madogo. Tazama basi: katika pointi hizo 33, Kiswahili kimemletea 12. Bila somo hilo pengine asingeupata mlango wenyewe. Lakini akishaingia, hakuna anayemuuliza tena habari zake. Kiswahili kimekuwa kama tiketi ya basi, ambayo abiria akishateremka kituoni huitupa.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Mfumo huu hauchukii Kiswahili wala lugha nyingine ya Kiafrika. Unazihesabu kama unavyohesabu somo lolote, kwa pointi. Tatizo ni kwamba unazihesabu kama pointi tu, wala hauoni kwamba kwa mwanasayansi wa jamii lugha ya watu ni chombo cha kazi, kama darubini kwa mwanabiolojia. Tangu miaka ya 2010 kila mwanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita analazimika kusoma ama kompyuta ama hisabati kama somo dogo. Walioamua hivyo walitambua kwamba msomi wa leo hawezi kwenda bila zana hizo. Kuhusu zana ya kumsikiliza mtu mwingine hawakutamka kitu.

Yamkini msomaji atasema kwamba masharti ya udahili ni ya kitaalamu, hayagusiki. Sikubaliani naye. Mwaka 1990 Makerere ilianza kumwongezea kila mwombaji wa kike pointi 1.5 ili kupunguza pengo la wanawake chuoni, na idadi yao ikapanda. Tunaweza kubishana kama njia hiyo ilikuwa sahihi, na watu wamebishana sana. Hatuwezi kukana kwamba chuo kiliona kasoro katika jamii kikatumia masharti yake kuirekebisha. Kwa hiyo masharti hubadilika pale wenye chuo wanapotaka yabadilike.

Majirani nao

Nchini Kenya Kiswahili na Kiingereza ni masomo ya lazima hadi Kidato cha Nne, na katika makundi ya masomo yanayotumiwa kuwapanga wanafunzi vyuoni, lugha hizi mbili huwekwa sawa: lete alama ya Kiingereza au ya Kiswahili, mojawapo inatosha. Hata anayetaka kusoma sheria hutakiwa awe na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Hilo ni jambo la kuwapongeza. Nchini Tanzania mwanafunzi aliyesoma mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiswahili, au Historia, Kiswahili na Kiingereza, huenda sosholojia au sayansi ya siasa bila mtu kumshangaa. Hata hivyo, akishafika darasani hufundishwa kwa Kiingereza na kuandika tasnifu kwa Kiingereza, kisha hutumwa vijijini kuhoji watu kwa Kiswahili. Kwa hiyo hata kule ambako Kiswahili kimeenea kila pembe, kazi ya kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine huachiwa mwanafunzi mwenyewe, aifanye usiku wa kuamkia siku ya utafiti.

Nasema usiku wa kuamkia kwa sababu ndivyo inavyokuwa aghalabu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana dodoso la kurasa sita, limepitishwa na msimamizi wake kwa Kiingereza. Anaanza kulitafsiri safarini, au halitafsiri kabisa na badala yake analitafsiri kwa mdomo mbele ya kila mhojiwa. Mhojiwa wa kwanza anaulizwa hivi, wa kumi anaulizwa vingine, na wa ishirini, jua likiwa limepamba moto, anaulizwa kwa ufupi. Majibu yote yanaingizwa katika jedwali moja na kupewa asilimia.

Waliotangulia walijua

Kuna jambo la kushangaza katika historia ya taaluma hii hapa kwetu. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo mzazi wa taasisi ya utafiti iliyopo Makerere leo, iliongozwa tangu 1950 na Audrey Richards, mwanaanthropolojia aliyekuwa amefanya kazi yake ya awali miongoni mwa Wabemba wa Zambia ya leo. Mwaka 1954 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya vibarua wahamiaji katika Buganda. Watu wa kizazi chake walilelewa katika kanuni moja: mtafiti aishi na watu na ajifunze lugha yao. Malinowski alikuwa ameifanya kanuni hiyo kuwa ada ya taaluma nzima baada ya kukaa katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tunaweza kuwalaumu watu hao kwa mengi, na ukoloni uliowabeba hauhitaji mtetezi. Lakini hawakudhani kwamba mtu anaweza kuijua jamii asiyoweza kuamkiana nayo. Leo tunao watafiti wazalendo, waliozaliwa humuhumu, na masharti ya shahada yao yanawadai lugha kidogo kuliko yule mgeni alivyodaiwa.

Mtu wa pili ninayetaka kumtaja ni Okot p'Bitek. Wanafunzi wetu wanamjua kama mshairi, wakasahau kwamba alisomea anthropolojia Oxford na kwamba aliandika vitabu vya kuikosoa taaluma hiyo. Katika kitabu chake juu ya dini ya Waluo wa Kati, kilichotoka mwaka 1971, anasimulia kisa cha mapadri wa Kiitalia waliowakusanya wazee wa Kiacholi mwaka 1911 na kuwauliza ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya Biblia. Swali likawafikia likiwa na maana ya kufinyanga: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa, maana mtu huzaliwa na mama yake, hafinyangwi. Walipobanwa sana, mmoja akakumbuka kwamba mtu anaweza kuzaliwa mzima, kisha maradhi ya uti wa mgongo yakampinda akawa kibiongo, na anayempinda hivyo ni Rubanga. Basi akajibu kwamba anayefinyanga watu ni Rubanga. Mapadri wakaondoka wakiamini wamepata jina la Mungu, kumbe wamepewa jina la pepo anayevunja watu migongo.

Kisa hiki kingefaa kusomwa na kila anayeingia mwaka wa kwanza wa sosholojia. Wale wazee hawakudanganya hata kidogo, na walioandika jibu waliliandika kwa uaminifu. Kosa lilikuwa ndani ya swali, na aliyeuliza hakuwa na njia ya kuligundua.

Dodoso kama matini

Nirudi kwenye kazi tunayoijua sisi walimu wa lugha. Nimepitia madodoso mengi yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na makosa yanayonisumbua si ya ngeli wala ya tahajia. Hayo hayamdhuru mtu. Nataja machache yanayodhuru.

La kwanza ni swali la kukanusha. Mhoji anauliza: "Huna shamba?" Mama anajibu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, amethibitisha usemi: ndiyo, ni kweli, sina. Kijana aliyefundishwa kufikiri kwa Kiingereza anaweka alama kwenye kisanduku cha anayemiliki ardhi. Maswali mawili matatu ya aina hiyo yanatosha kuwagawia ardhi wanawake wa kata nzima.

La pili ni neno kazi. Ukimwuliza mkulima, "Unafanya kazi gani?" kuna uwezekano mkubwa akakujibu, "Sina kazi." Amelima tangu alfajiri, ameuza ndizi sokoni, anafuga mbuzi watatu. Lakini kazi, kwa masikio yake, ni ya ofisini au ya kulipwa mshahara. Anayejua hilo huuliza: "Shughuli zako ni zipi? Riziki inatoka wapi?" Asiyejua huandika kwamba nusu ya kijiji hawana ajira, kisha mtunga sera huisoma ripoti akasikitika. Kipato nacho kina mtego wake, kwa kuwa mtu huweza kuhesabu fedha taslimu peke yake na kuyaacha mahindi yaliyo ghalani.

Kuna kaya. Watakwimu wana maana yao: watu wanaoishi pamoja na kuchangia chakula na matumizi. Ni neno zuri lililotulia katika Kiswahili cha sensa. Lakini Mganda au Mkongo aliyejifunzia Kiswahili mtaani huenda hajawahi kulisikia, na mhoji akiona uso umekunjamana hukimbilia familia au nyumba, ambayo ni mambo mengine kabisa. Familia ni pamoja na mtoto aliye Dubai anayetuma fedha. Nyumba moja yaweza kuwa na wapangaji wanne wanaopika vyungu vinne.

Jina la undugu ndilo linaloniuma zaidi, hasa kwa wanafunzi wa ustawi wa jamii. Kiingereza kina neno moja kwa shangazi, mama mkubwa na mama mdogo. Kiswahili kimewatenganisha, na Luganda nayo inamtenga ssenga, dada wa baba, ambaye ana wajibu wake katika malezi ya msichana ambao mama mdogo hana. Afisa wa ustawi anayejaza fomu ya Kiingereza kumtafutia yatima mlezi anaandika neno moja lile, na habari aliyoihitaji zaidi inapotea kwenye ncha ya kalamu yake. Mtoto atapelekwa kwa nani? Kwa upande wa baba au wa mama? Mhojiwa alikwisha kulijibu swali hilo, kwa kutaja jina tu.

Tena kuna kipimo cha kukubali na kutokubali chenye ngazi tano, kile ambacho hakikosekani katika dodoso lolote. Tafsiri yake kwa Kiswahili ni rahisi: sikubali kabisa, sikubali, sina maoni, nakubali, nakubali kabisa. Shida haimo katika maneno. Mzee aliyekukaribisha kwenye kigoda na kukupa maji ya kunywa haoni adabu kukuambia "sikubali kabisa" juu ya jambo ulilolisema wewe mwenyewe. Atasema "ni sawa, mwanangu", nawe utaandika nne au tano. Hata tafsiri rejea, ile ya kumpa mtu mwingine airudishe matini kwenye Kiingereza, haitalifichua hilo, kwa sababu maneno yatarudi jinsi yalivyokwenda. Kinachotakiwa ni mtu anayejua jinsi adabu inavyokaa ndani ya lugha, na elimu hiyo ni sehemu ya kazi ya idara zetu.

Kwa nini Kiswahili, na si Luganda?

Hili ni swali la haki, na wenzetu wa Uganda watalitoa kabla sijamaliza sentensi. Katiba ya 1995 iliorodhesha jamii 56 za wenyeji, zikafika 65 baada ya marekebisho ya 2005. Mwanafunzi anayekwenda Masaka anahitaji Luganda. Anayekwenda Gulu anahitaji Kiacholi, na Kiswahili changu hakitamsaidia sana kwa bibi kizee wa huko. Sidai kwamba Kiswahili kichukue nafasi ya lugha hizo.

Isitoshe, Kiswahili nchini Uganda kina makovu yake. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa miaka mingi wananchi walikisikia zaidi kutoka kinywani mwa askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mtafiti akimsemesha Kiswahili mzee wa Luweero bila kujua historia hiyo, anaweza kuufunga mlango kabla ya swali la kwanza. Ninaliita hili somo la sayansi za jamii, wala si kero ya walimu wa Kiswahili. Kuchagua lugha ya mahojiano ni uamuzi wa kimbinu, na ripoti ingepaswa kuutetea kama inavyotetea ukubwa wa sampuli.

Lakini kuna mahali ambapo Kiswahili hakina mbadala. Uganda inahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, zaidi ya milioni 1.5, na sehemu kubwa yao wametoka Kongo Mashariki. Nenda Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja au Kyaka II, utakuta Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda wakielewana kwa Kiswahili kwenye foleni ya maji. Huko ndiko wahitimu wengi wa ustawi wa jamii wanakotafuta ajira, na matangazo ya nafasi hizo hutaja mara kwa mara kwamba ajuaye Kiswahili atafikiriwa zaidi. Kwa hiyo mwajiri ameshaweka sharti ambalo chuo hakikuliweka. Mhitimu hulikuta akiwa na cheti mkononi, miaka mitatu baada ya kuitupa ile tiketi yake.

Na Kiswahili cha kule si kile cha vitabu vyetu. Mkongo akisema bibi, anamaanisha mke wake. Kijana aliyefunzwa Kiswahili sanifu anasikia nyanya, anajaza fomu kwamba mzee huyu anaishi na nyanya yake, na familia inapangiwa mgao usio wake. Idara zetu nazo zinastahili kukosolewa hapa. Tunafundisha sarufi ya sanifu kana kwamba ndiyo mpaka wa dunia, kisha tunashangaa watu wa sayansi za jamii wanapodhani kwamba hatuna cha kuwapa. Lahaja za Bukavu na Goma tunazitaja katika somo la isimujamii kwa nusu saa, tena kama mifano ya "makosa".

Sera zimetangulia, masharti yamebaki nyuma

Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umekifanya Kiswahili kuwa cha lazima katika madarasa mawili ya kwanza, na mwaka 2022 serikali iliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipitisha kuwa lugha rasmi yake mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi mwaka uliofuata. Tunasherehekea Julai 7 kila mwaka kwa ngoma na hotuba. Sioni ubaya wa ngoma. Ila watoto walioanza Kiswahili sekondari mwaka 2020 wamekwisha kufikia umri wa kuingia vyuo vikuu, na ukurasa wa masharti unaowangoja umeandikwa kana kwamba hakuna lililotokea.

Sipendekezi kwamba Kiswahili kiwe sharti la kuingilia. Hilo lingewafungia nje vijana wa shule za vijijini ambazo bado hazina mwalimu, na mzigo ungewaangukia wale wale wenye mizigo tayari. Sharti liwekwe ndani, katika masomo ya lazima ya mwaka wa pili, bega kwa bega na mbinu za utafiti. Iwe kozi moja ya muhula mmoja juu ya kuuliza, kusikiliza na kutafsiri. Mwanafunzi achague lugha ya eneo atakalofanyia utafiti: Luganda, Kiacholi, Runyankore, Kiswahili. Alete dodoso lake halisi. Alitafsiri, mwenzake alirudishe kwenye Kiingereza, walijaribu kwa watu watano nje ya chuo, kisha aandike kurasa tatu kueleza ni swali gani lilivunjika na kwa nini. Anukuu mahojiano ya dakika kumi neno kwa neno katika lugha yaliyofanyikia kabla ya kuyaleta kwa Kiingereza. Asiyefanya hivyo asiruhusiwe kwenda nyanjani.

Najua majibu yatakayokuja. Saa za masomo zimejaa, hakuna walimu, hiyo ni kazi ya idara nyingine. La saa linajadilika, kwani kozi huondolewa na kuongezwa kila mtaala unapopitiwa upya. Kuhusu walimu, namrudisha msomaji kwenye lile paa moja. Makerere imeiweka idara ya lugha za Kiafrika na skuli ya sayansi za jamii katika ndaki hiyo hiyo. Vyuo vingi vya kanda vimefanya mpangilio unaofanana na huo, mara nyingi kwa sababu za utawala na bajeti. Mwalimu wa lugha na mwalimu wa sosholojia wanasaini karatasi kwa mkuu mmoja, wanagombania projekta moja, lakini wanafunzi wao wanaandika tasnifu bila kuvuka ukumbi unaowatenganisha.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha. Idara ya Kiswahili iombe madodoso kumi ya wanafunzi wa mwaka wa tatu yaliyokwisha kutumika, pamoja na tafsiri zake kama zipo, iyapitie swali kwa swali mbele ya wasimamizi waliyoyapitisha. Nashauri kikao hicho kianze na maswali ya kukanusha.